Sambaza za Ziwa Kivu na beseni la bamama

Tulipokutana kupanga kijitabu hiki, tulikubaliana haraka juu ya mambo mengi: mahari, ngoma, vikapu, majina ya ukoo. Tulipofikia chakula, mmoja wetu akapendekeza sambaza. Hapo mzee mmoja wa chama, mtu wa Kalehe ambaye tunamheshimu sana, akatikisa kichwa na kusema: « Sambaza haiko kitu ya babu zetu. Ile ililetwaka na Bazungu, miye nikiwa mutoto ya masomo. Andikeni juu ya kasiksi, andikeni juu ya maharagi. » Tulibishana mpaka jioni. Kwa upande wa tarehe mzee ana haki, na makala hii itaonyesha hivyo. Lakini swali lilibaki mezani: chakula cha miaka sitini na kitu kinaweza kuhesabiwa kati ya desturi? Na kama ndicho kilicholipa masomo ya nusu ya watu waliokuwa wamekaa katika kile chumba, tukiite nini?

Tuanze na ziwa lenyewe, kwa sababu bila kulielewa mtu hawezi kuelewa ni kwa nini samaki mdogo kama kidole aliweza kubadilisha mambo. Ziwa Kivu liko kwenye urefu wa metre 1.460 hivi juu ya bahari, na Tanganyika liko chini kabisa, kwenye metre 770 hivi. Kati yao kuna mto Ruzizi, unaoshuka kwa maporomoko makali ambayo samaki wa Tanganyika hakuweza kuyapanda. Zamani sana maji ya upande huu yalikuwa yakielekea kaskazini, lakini volkeno za Virunga ziliziba njia, ziwa likajaa, likatafuta mlango kusini. Kina chake kinafika metre 485, lakini huko chini hakuna hewa ya kupumua, kuna gesi tu. Samaki wanaishi katika tabaka la juu, metre makumi machache. Njo maana Kivu lilikuwa ziwa maskini: aina za samaki zilikuwa chini ya thelathini, nyingi zao zikiishi karibu na ukingo. Katikati ya ziwa kulikuwa na vidudu vidogo vya maji kwa wingi, na hakuna samaki wa kuvila.

Kwa hiyo samaki kilikuwa chakula cha walioishi kando ya maji, Bahavu wa Idjwi na wa ukingoni hasa, waliotega kwa vikapu na ndoano. Juu milimani watu walikula maharagi, ndizi, mihogo, na mwenye ng'ombe alikunywa maziwa. Ukitaka kusema kwamba Bukavu ya zamani ilikuwa mji wa samaki, utakuwa unaikopesha zamani mambo ya leo.

Kati ya 1958 na 1960 Wabelgiji walijaribu kujaza ile nafasi tupu. Afisa mmoja wa uvuvi, jina lake Collart, alisimamia kazi ya kuchukua vifaranga vya samaki kutoka Tanganyika na kuvipandisha hadi Kivu. Hesabu yao ilipita elfu hamsini. Nia yao ilikuwa hasa ndagala, yule mwembamba ambaye ndugu zetu wa Uvira wanamjua tangu zamani. Lakini katika vyombo vyao kulikuwa na aina mbili zilizochanganyika: ndagala mwenyewe, ambaye wataalamu wanamwita Stolothrissa, na mwingine mnene kidogo, Limnothrissa, ambaye kule Tanganyika anaitwa lumbu. Ndagala alikufa wote. Lumbu akabaki. Waliyemtaka hawakumpata, waliyempata ni ndugu yake, na huyo ndiye sambaza wetu. Miaka michache baadaye, 1967 na 1968, samaki huyohuyo alipelekwa pia katika ziwa la Kariba, kati ya Zambia na Zimbabwe, ambako wanamwita kapenta. Mtu wa Lubumbashi anayenunua kapenta ya Kariba na mtu wa Bukavu anayenunua sambaza wanakula ukoo mmoja, hata kama kila mmoja anaapa kwamba ya kwao ndiyo tamu.

Kisha wenye mpango wakaondoka. Uhuru ulikuja Juni 1960, na baada yake fujo: maasi ya 1964, kisha 1967 mamluki wa Schramme wakaikalia Bukavu kwa miezi. Hakuna mtu aliyekuwa na nafasi ya kuuliza habari za vifaranga. Lakini chini ya maji samaki alikuwa akizaa na kusambaa (sikio la Mswahili haliwezi kukosa kusikia kitenzi hicho ndani ya jina lake). Katika miaka ya 1970 ikaonekana wazi kwamba katikati ya ziwa kumejaa. Sasa tatizo likawa jingine: wavuvi wetu walijua ukingo, hawakujua kuvua kwenye kina. Mwaka 1979 PNUD na FAO walianzisha mradi kule Gisenyi, upande wa Rwanda, wa kufundisha uvuvi wa usiku kwa taa, ule uliokuwa unatumika Tanganyika. Ziwa halina ukuta. Ufundi ule ulivuka haraka kuja kwetu.

Wengi wetu tumeuona tangu utoto, lakini tuuandike kwa ajili ya watoto wanaokulia Kinshasa na Ulaya. Mitumbwi mitatu inafungwa pamoja kwa miti mirefu ya mikaratusi, yule wa katikati akiwa mbali kidogo na wenzake kila upande. Jioni wanaume wanapiga kasia kuelekea katikati, wakiimba na kupiga miluzi ili mikono iende pamoja. Sauti ile inafika mpaka kwenye nyumba za mlimani. Giza likiingia wanawasha taa, zamani zile za petroli za kupampu, siku hizi nyingi ni za betri. Wavu mkubwa unateremshwa chini ya mwanga. Vidudu vya maji vinafuata mwanga, sambaza wanafuata vidudu, na wavu unainuliwa polepole. Usiku wa mwezi mkubwa kazi inasimama, kwa maana mwanga uko kila mahali na samaki hana sababu ya kukusanyika. Hivyo katika miji yetu bei ya samaki inafuata mwezi, na mama yeyote wa soko anakuambia mwezi uko wapi bila kutazama juu.

Mpaka hapa ni historia ya wanaume na ya miradi. Ripoti za namna hiyo zinahesabu tani, mitumbwi na nyavu. Beseni halihesabiwi. Na sisi tunaona kwamba uchumi wa sambaza ulianza pale hasa beseni lilipogusa mchanga.

Sambaza wana ubaya mmoja: wakitolewa majini hawangoji. Asubuhi ni samaki, saa nane mchana ni harufu. Katika miji isiyo na umeme wa kutegemewa, barafu ilikuwa mambo ya hoteli. Mwenye samaki alikuwa na masaa machache ya kuuza au kupoteza. Njia mbili zilipatikana. Ya kwanza ni kuwaanika juani, hilo lilijulikana tangu Tanganyika. Ya pili ni kuwakaanga katika mafuta mengi pamoja na chumvi mpaka wakauke na kulia mdomoni, kichwa na miiba yote. Hapo wanakaa siku mbili tatu bila kuharibika, na bei inapanda. Watu wanapokumbuka sambaza wanakumbuka utamu: bugali ya mihogo yenye moto, sombe au lengalenga pembeni, pilipili, ndimu, na sahani katikati ambapo kila mkono unachukua. Wanakumbuka pia zile za kutafuna na Primus siku ya mshahara. Lakini upishi huu ulizaliwa na woga wa hasara. Mama aliyekaanga hakuwa anatafuta kutupendeza kwanza, alikuwa anaokoa mtaji wake.

Fuateni beseni moja. Alfajiri mitumbwi inafika ufukoni, tuseme Bukavu au Kituku pale Goma, au kwenye vijiji vya Idjwi na Kalehe. Mama mnunuzi anachukua samaki, mara nyingi kwa deni: analipa jioni au kesho, na neno lake ndiyo karatasi. Pesa yake inagawanywa kati ya mwenye vyombo na wale waliovuta kasia, baada ya kutoa gharama ya petroli. Mama huyo anawagawia wengine, kila mmoja fungu lake, hao wanapanda nalo Kadutu au mitaani. Hapo anaingia mwenye kuuza mafuta, mwenye makala, mwenye chumvi, kijana wa kubeba, fundi wa mitumbwi, mshona nyavu. Anayekaanga anauza kwa mwenye kantini, na mwenye kantini kwa fundi mjenzi mwenye njaa ya saa sita. Kilo moja inaweza kupita mikono saba au nane kabla ya kufika mdomoni, na kila mkono umebakiza kitu.

Jambo lingine ambalo wasomi wa uchumi hawalitazami sana: sambaza zinagawanyika. Mbuzi haigawanyiki kwa mtu mwenye franka kidogo. Kuku vilevile. Sambaza unaweza kununua beseni, unaweza kununua mkebe, unaweza kununua viganja viwili, na mtoto anatumwa na sarafu ya mwisho ya nyumba akarudi na kitu cha kuonja na bugali. Soko linaloweza kupokea pesa ndogo namna hiyo halifungwi na umaskini. Kinyume chake, siku za ukosefu ndizo linapopata wateja wengi. Na mwanamke asiye na shamba lake, asiye na ng'ombe kwa sababu ng'ombe ni wa ukoo wa mume, anaweza kuliingia akiwa na beseni la kuazima na neno lake.

Ukosefu ulikuja. Msomaji wa umri wetu hahitaji kusimuliwa miaka ya 1990 katika Zaire: uporaji wa 1991, mishahara ya serikali iliyogeuka makaratasi, kisha Oktoba 1993 ile pesa mpya ambayo zaire moja yake ilibadilishwa na milioni tatu za zamani. Mwalimu alikuwa anapokea asubuhi kitu ambacho jioni hakinunui sabuni. Bamama wa sambaza walifahamu mapema kuliko benki. Mmoja wao, ambaye sasa ni bibi, alituelezea hivi: « Shiye hatukuwekaka makuta mu nyumba. Makuta ilikuwa inaoza kuliko samaki. Ukiuzisha, unanunua mafuta, unanunua unga, kesho unaanza tena. » Akiba ya kweli ilikuwa chupa za mafuta chini ya kitanda, na likirimba: kikundi cha wanawake kumi au kumi na wawili, kila siku ya soko kila mmoja anatoa, mmoja anabeba yote. Kwa likirimba mabati yalinunuliwa, wagonjwa walitolewa hospitali, maiti walizikwa kwa heshima.

Na shule. Serikali iliposhindwa kulipa walimu, wazazi ndio waliochukua mzigo ule, kwa kile tulichokiita « prime ». Hali hiyo ilidumu zaidi ya miaka ishirini, mpaka masomo ya msingi yalipotangazwa kuwa bure mwaka 2019. Fikirini maana yake. Mama anauza sambaza, analipa shule, shule inamlipa mwalimu, na mwalimu jioni anatuma mtoto kununua sambaza. Mmoja wetu, mwana wa mwalimu, anakumbuka kwamba baba yake alijua jinsi uvuvi ulivyokwenda kwa kutazama darasa: wiki ya mwezi mkubwa madawati yalikuwa na nafasi, kwa sababu wasiolipa walifukuzwa, giza likirudi, watoto walirudi. Hakuna kitabu cha uchumi kilichotufundisha hivyo. Bibi yule tuliyemtaja alizaa watoto saba. « Miye sikusoma, » alisema, « lakini batoto yangu yote balisomea mu ile beseni. »

Hatutaki kupamba. Biashara hii ilikula watu pia. Mvuvi aliyezama usiku hakuwa na bima. Mama aliyechukua kwa deni siku samaki walipojaa soko alirudi na deni na samaki walionuka. Pesa ya mwanamke ilileta amani katika nyumba nyingi, na katika nyingine ilileta magomvi, kwani mume aliyekuwa mfanyakazi wa ofisi hakuzoea kuomba ya sigara. Na ufukoni pamoja na sokoni kulikuwa na mikono mingine: jetoni ya asubuhi, taksi hii na ile, na mtu mwenye kofia asiyetoa risiti. Beseni la mama ambalo takwimu za nchi hazikuliona, mkusanya taksi hakulikosa hata siku moja.

Julai 1994 mamia elfu ya wakimbizi walivuka mpaka kwa siku chache, wakajaa Goma na Bukavu. Bei za vyakula zikapanda. Baadaye vita vya 1996 na vya 1998. Barabara zilipofungwa, ziwa lilibaki njia, na samaki wake hawakuhitaji lori la kutoka mbali. Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma mpaka ikaingia majini. Watu waliporudi wakaweka meza za kuuzia juu ya jiwe jeusi ambalo lilikuwa bado la moto. Mwanzoni mwa 2025, Goma na kisha Bukavu zilipochukuliwa na AFC/M23, safari za ziwani zilisimamishwa kwa muda na benki zikafungwa. Tuliona tena jambo ambalo tulidhani limepita: mtu mwenye pesa yake benki akikosa chakula cha jioni, na jirani yake mwenye deni la neno kwa mvuvi akipata.

Je, samaki wenyewe watadumu? Wataalamu walibishana juu ya hilo kabla yetu. Mwaka 1986 mtaalamu mmoja wa Ubelgiji, Dumont, aliandika kwa hofu kwamba kumleta sambaza huenda kulikuwa balaa: alikuwa amekula vidudu vya maji kiasi kwamba aina moja kubwa ilitoweka, na uvuvi wenyewe unaweza kuanguka. Uvuvi haukuanguka. Vipimo vya 2008 vilikuta wingi wa samaki haukutofautiana sana na ule wa miaka ya 1980. Tunasoma hayo kwa furaha lakini hatulali. Mwaka 2006 alionekana samaki mwingine wa Tanganyika, Lamprichthys, ambaye hakuna mradi wowote uliotangaza kumleta, na anakula vidudu vilevile. Halafu kuna chandarua cha mbu, ile mustikere iliyogawanywa bure kwa ajili ya malaria, ambayo baadhi ya watu wanaikokota ukingoni ambapo vifaranga vinakulia. Upande wa Rwanda uvuvi wa sambaza unafungwa miezi miwili kwa mwaka ili samaki azae. Upande wetu tumejua zaidi kutangaza kuliko kufunga.

Hapa kauli yetu ni wazi, hata kama itawaudhi baadhi ya marafiki. Ukimwambia mvuvi apumzike miezi miwili, unamwambia pia mama wa beseni, mwenye mafuta, mwenye makala, na mtoto wa shule. Mkutano wa kufunga ziwa unaowaita wenye mitumbwi peke yao umewaacha nje wale wanaoweka bei. Bamama wanajua ni ufuko gani unaleta samaki wa ukubwa wa msumari, kwa sababu hao ndio wanaowauza kwa hasara. Wakikataa kuwanunua, mustikere itarudi kitandani haraka kuliko kwa kuleta polisi. Tumeona vikundi viwili vya likirimba vikijaribu hivyo. Kimoja kilishindwa baada ya wiki tatu, kingine kilikuwa bado kinaendelea tulipokuwa tunaandika.

Tulimsomea mzee wa Kalehe makala hii kabla ya kuipeleka kwa mchapaji. Alisikiliza mpaka mwisho, akasahihisha jina la kijiji kimoja ambalo tuliamua kuliondoa, kisha akasema kwamba mama yake alikataa kula sambaza mpaka alipokufa, akisema ni chakula cha serikali. Mke wake, naye, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuziuza katika soko la kijiji chao. Hatukuwa tunajua. Mzee mwenyewe hakuona kwamba ni jambo la kuandikwa.

Kwa hiyo tunawaomba wanachama wa Idjwi, Kalehe, Minova, Kabare na wa miji yote miwili: waulizeni bibi zenu waliouza kabla ya 1990. Nani aliwafundisha kukaanga, beseni la kwanza walilipata wapi, walichukua kwa deni kwa nani, siku ya kwanza walibaki na kiasi gani. Andikeni kwa lugha yoyote wanayosemea, msiwasahihishe. Mleteni daftari kwa katibu kabla ya mkutano wa mwaka ujao.